Kugeuza misimbo ya kazi kuwa matabaka ya kijamii kwa Stata na R: mwongozo kamili

Msimbo wa kazi peke yake hautaji tabaka la mtu. Chukua fundi cherehani, msimbo 7531 katika ISCO-08, toleo la 2008 la orodha ya kimataifa ya kazi. Mmoja ameajiriwa kiwandani, wa pili ana cherehani moja barazani na hana msaidizi, wa tatu ana karakana yenye mafundi 12. Kwenye safu ya kazi wote watatu wameandikwa 7531, lakini karibu kila mfumo wa matabaka unaotumiwa na watafiti utawaweka sehemu tatu tofauti. Kinachowatenganisha ni majibu ya maswali mengine mawili kwenye dodoso: je, mtu amejiajiri au ameajiriwa, na ana watu wangapi chini yake.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuandaa safu hizo mbili. Amri yenyewe ya kugeuza ni mstari mmoja, na itakupa matokeo hata ukiilisha takataka.

Mifano inatumia data ya European Social Survey (ESS), utafiti unaofanyika Ulaya tangu 2002. Data yake hupatikana bure kwa kujisajili na ina maswali yote yanayohitajika. Mbele kuna sehemu ya data za kwetu, ambako mambo ni magumu zaidi.

1. Chagua mfumo kabla ya kufungua data

EGP ni kifupi cha majina ya Erikson, Goldthorpe na Portocarero, walioutoa 1979. Ndio uliotumika zaidi katika tafiti za kupanda na kushuka kwa watu kimatabaka. Katika umbo lake refu una matabaka 11:

- I: wataalamu na mameneja wa ngazi ya juu, pamoja na wamiliki wakubwa
- II: wataalamu na mameneja wa ngazi ya chini
- IIIa na IIIb: kazi za kawaida za ofisini, mauzo na huduma za kawaida
- IVa, IVb na IVc: wamiliki wadogo wenye wafanyakazi, waliojiajiri wasio na mfanyakazi, wakulima wenye shamba lao
- V: wasimamizi wa wafanyakazi wa mikono na mafundi sanifu wa ngazi ya chini
- VI: wafanyakazi wa mikono wenye ufundi
- VIIa na VIIb: wafanyakazi wasio na ufundi; vibarua wa mashambani

ESeC uliundwa kwa ajili ya kulinganisha nchi za Ulaya na unafuata mantiki hiyohiyo. Mfumo wa Daniel Oesch una matabaka 16 na hutenganisha aina ya kazi pia: anayehudumia watu, anayeshughulika na mitambo, anayeendesha taasisi. Kama swali lako ni kwa nini muuguzi na mhandisi hawapigi kura sawa, Oesch atakufaa kuliko EGP.

ISEI si tabaka, ni alama. Kila kazi hupewa namba kutokana na elimu na kipato cha wanaoifanya. Kwa ISCO-88, toleo la 1988 la orodha hiyo ya kazi, alama zinaanzia 16 hadi 90, kwa ISCO-08 takriban 10 hadi 89. ISEI haihitaji kujua kama mtu amejiajiri, kwa hiyo ukikosa maswali hayo ndiyo njia ya heshima ya kutokea. Hata kama hutaichambua, itengeneze, maana tutaitumia kukagua matabaka.

Mipaka ya ukubwa inatofautiana. EGP hutenga mmiliki mkubwa kwa kizingiti cha watu 10, Oesch hutenga mwajiri mkubwa akiwa na wafanyakazi zaidi ya 9, na mfumo wa taifa wa Uingereza, NS-SEC, una mpaka kwenye watu 25. Anayeandaa dodoso jipya aulize idadi kamili ya wafanyakazi, asitoe makundi ya «1–5, 6–20, zaidi ya 20». Kundi la 6–20 halikatiki tena kwenye 10.

2. Tambua toleo la misimbo

Hapa ndipo makosa mabaya zaidi hutokea, kwa sababu hayapigi kelele. ISCO-88 ina makundi 390 ya tarakimu nne, ISCO-08 ina 436, na namba nyingi zipo katika matoleo yote mawili zikiwa na maana tofauti kabisa. Msimbo 2221 ni daktari katika ISCO-88, lakini katika ISCO-08 ni muuguzi mtaalamu. Msimbo 9111 katika ISCO-88 ni muuza chakula wa mtaani, katika ISCO-08 ni mfanyakazi wa ndani. Kwenye kipimo cha ISEI cha ISCO-88 daktari ana alama 88 na muuguzi mtaalamu 43, kwa hiyo ukikosea toleo unawapandisha wauguzi wote kwa alama 45 na kompyuta hainong'oni hata neno.

Kijitabu cha data kitakuambia toleo, lakini thibitisha mwenyewe kwa misimbo inayopatikana upande mmoja tu:

```
* ipo ISCO-88 tu
count if inlist(isco08, 1314, 7433, 9131)
* ipo ISCO-08 tu
count if inlist(isco08, 5414, 7531, 9520)
```

Mstari mmoja ukitoa sifuri na wa pili mamia, umepata jibu. Yote miwili ikitoa namba kubwa, basi mtu ameunganisha mafaili ya matoleo mawili katika safu moja. Rudi kwenye mafaili ya asili. Katika ESS, mizunguko (yaani awamu za utafiti) ya 1 hadi 5 ina safu `iscoco` yenye ISCO-88, na kuanzia mzunguko wa 6 safu ni `isco08`.

Misimbo ya kitaifa ni jambo jingine. TASCO ya Tanzania na KNOCS ya Kenya zimejengwa kwa kuifuata ISCO, lakini kufuata si kufanana. Linganisha vitabu viwili kundi kwa kundi angalau hadi tarakimu ya tatu, kisha tengeneza jedwali lako la kubadilisha. SOC ya Uingereza ina sura ya ISCO kwa macho tu: nayo ina tarakimu nne na makundi tisa makuu, ukiiingiza kwenye amri ya ISCO nusu ya misimbo itapita kimyakimya na kupata tabaka la kazi nyingine.

3. Safisha misimbo

```
ssc install iscogen, replace

use "ess.dta", clear
clonevar kazi = isco08
replace kazi = . if kazi >= 66666
```

Katika ESS, 66666 maana yake swali halimhusu, 77777 amekataa, 88888 hajui, 99999 hakuna jibu. Baadhi ya mafaili ya Stata tayari yamebadilisha namba hizi kuwa `.a`, `.b` na kuendelea. Mstari wa mwisho hapo juu unashughulikia hali zote mbili, maana kwa Stata alama hizo ni kubwa kuliko namba yoyote.

Kuna mambo mengine matatu ya kutazama.

Misimbo ya jeshi huanza na sifuri: 0110, 0210, 0310. Safu ikiwa ya namba inakuwa 110, 210, 310. Stata inamudu hilo, lakini ukifungua CSV kwa Excel na kuihifadhi tena, sifuri inapotea hata kwenye safu ambayo ilikuwa ya maandishi. Usipitishe misimbo Excel.

Misimbo inayoishia na sifuri, kama 2300 au 7000, mara nyingi ni kazi ambayo aliyepanga misimbo hakupata maelezo yake ya kutosha. 2300 ni «mwalimu» bila kujua wa shule gani. Si kosa, na majedwali ya watafiti Ganzeboom na Treiman, ambayo ndiyo chimbuko la vifurushi vingi vya amri za kugeuza, yana nafasi zake. Shida ni pale data inapoleta 23 badala ya 2300. Hapo zidisha mwenyewe, ukihakikisha kwanza kwamba si msimbo wa jeshi uliopoteza sifuri:

```
replace kazi = kazi*100 if inrange(kazi, 11, 99)
```

Tena, kama safu ni ya maandishi, tumia `destring` bila chaguo la `force`. `force` hufuta kimya kila kisichosomeka, na hutajua kama umepoteza nafasi iliyoachwa wazi au watu 300.

4. Tengeneza safu ya kujiajiri

ESS huuliza uhusiano wa ajira kwenye `emplrel`: 1 ameajiriwa, 2 amejiajiri, 3 anafanya kazi katika biashara ya familia yake.

```
tab emplrel, missing
gen byte kujiajiri = (emplrel == 2) if inlist(emplrel, 1, 2, 3)
```

Hapa wa kundi la 3 wamehesabiwa kama waajiriwa. Katika nchi nyingi za Ulaya ni wachache mno kubadilisha picha. Kwa data ya Afrika Mashariki uamuzi huu peke yake unaweza kugeuza jedwali zima, na tutaurudia.

Usikubali kishawishi cha kuandika `gen kujiajiri = emplrel == 2` bila sharti la mwisho. Ukiliacha, asiyejibu anahesabiwa kuwa mwajiriwa.

5. Tengeneza safu ya idadi ya watu

Safu hii inaunganisha maswali mawili tofauti. Kwa aliyejiajiri tunataka idadi ya wafanyakazi wake (`emplno`). Kwa mwajiriwa tunataka idadi ya watu anaowasimamia (`njbspv`), ambayo huulizwa tu kama amejibu ndiyo kwenye `jbspv`.

```
gen long watu = .
replace watu = emplno if kujiajiri == 1 & emplno < 66666
replace watu = njbspv if kujiajiri == 0 & njbspv < 66666
replace watu = 0 if kujiajiri == 0 & jbspv == 2
replace watu = 1 if kujiajiri == 0 & jbspv == 1 & missing(watu)

gen byte watu_haijulikani = missing(watu) & !missing(kazi)
```

Mstari wa tano unashughulikia aliyesema anasimamia watu bila kutaja wangapi. Tunajua angalau ni mmoja, na kwa matabaka mengi hiyo inatosha. Aliyejiajiri asiyetaja idadi tumemwacha bila jibu. Ukiona ni busara kumpa sifuri, mpe, ila fanya hivyo kwa mkono wako na uache alama kwenye `watu_haijulikani`, usiiachie amri ikuamulie.

Sharti la `< 66666` ndilo roho ya hatua hii. Ukilisahau, na mstari wa nne usiwepo, mwajiriwa ambaye swali la usimamizi halikumhusu anakuwa na watu 66,666 chini yake. Makarani wanapanda hadi kwenye uongozi, wabeba mizigo wanakuwa wasimamizi, na muuza genge anageuka mmiliki mkubwa wa tabaka la I. Kabla ya kuendelea endesha `summarize watu, detail` na utazame thamani za juu kabisa. Mia kadhaa inawezekana, maelfu kwa mtu mmojammoja pia. Maelfu kwa nusu ya sampuli, haiwezekani.

6. Geuza

Kifurushi cha `iscogen` cha Ben Jann kimekusanya karibu majedwali yote mahali pamoja. Zamani watu walitumia `iskoegp` na `iskoisei` za John Hendrickx, na bado zinafanya kazi kwa ISCO-88.

```
iscogen isei = isei(kazi), from(isco08)
iscogen egp = egp(kazi kujiajiri watu), from(isco08)

gen long wafanyakazi = cond(kujiajiri == 1, watu, 0) if !missing(kujiajiri)
iscogen oesch = oesch(kazi kujiajiri wafanyakazi), from(isco08)
```

Andika `from()` kila mara hata pale usipolazimika. Atakayesoma faili lako mwakani atajua ulidhani misimbo ni ya toleo gani.

Oesch tumempa safu yake, kwa sababu kwake kinachohesabika ni wafanyakazi wa mwajiri, si watu ambao mwajiriwa anawasimamia. Kwa EGP zote mbili zinahesabika, lakini kwa njia tofauti: kwa mwajiriwa wa kazi ya mikono, kusimamia watu kunampeleka tabaka la V; kwa aliyejiajiri, kuwa na wafanyakazi kunamtoa IVb hadi IVa, na wakiwa wengi wa kutosha hadi I. Daktari au wakili aliyejiajiri hubaki na wataalamu wenzake kwenye I hata akiwa peke yake ofisini. Wanaoanza hushangaa wakikuta waliojiajiri kwenye tabaka la I na kudhani amri imeharibika, kumbe ndivyo mfumo ulivyo.

Ukiwa na mizunguko ya ESS ya zamani na mipya pamoja, geuza kila sehemu kwa toleo lake mwenyewe, kisha unganisha matabaka. Usigeuze kwanza ISCO-08 kuwa ISCO-88 ili uwe na safu moja. Kundi moja la toleo hili mara nyingi limepasuka kuwa kadhaa katika toleo lile. Wenye maduka, kwa mfano, walikuwa ndani ya 1314 pamoja na mameneja wa biashara. Katika ISCO-08 wenye maduka wana msimbo wao 5221 upande wa wauzaji, na mameneja wako 1420. Hakuna jedwali litakalokuambia yupi ni yupi. Hata ukigeuza kwa njia sahihi, tegemea kuona mwanya kati ya mzunguko wa 5 na wa 6, hasa kwa mameneja wadogo. Usiutafsiri kama mabadiliko ya jamii kabla hujauliza kama ni mabadiliko ya kitabu cha misimbo.

7. Kagua

```
tab kazi if missing(egp) & !missing(kazi)
tab egp kujiajiri, missing
gen byte kundi = floor(kazi/1000)
tab kundi egp
tabstat isei, by(egp) statistics(n mean min max)
```

Mstari wa kwanza unaorodhesha misimbo iliyokosa tabaka. Ikiwa michache na ya ajabu, ni makosa ya uingizaji. Ikiwa mingi na ya kawaida, umekosea toleo, au `watu` ina mapengo.

Kwenye jedwali la pili, IVa na IVb zinapaswa kujaa upande wa waliojiajiri. Waajiriwa wengi wakionekana hapo, 0 na 1 zimegeuzwa. Tabaka la V likiwa karibu tupu, safu ya `watu` haifanyi kazi kwa waajiriwa. Tabaka la I likivimba hadi kupita II na III, rudi hatua ya 5 ukatafute 66666.

Wastani wa ISEI ushuke kutoka I kwenda II, III na VI hadi VIIa, na VIIb iwe chini kabisa au karibu yake. Hauhitaji kushuka kwa mstari ulionyooka, kwa sababu IVa na IVb zina mchanganyiko wa kila aina. Lakini VIIa ikiipita II, kuna jambo.

8. Punguza idadi ya matabaka

Sampuli ya watu 1,500 haibebi matabaka 11 ukianza kugawa kwa jinsia na umri. Mpango wa matabaka saba ni I+II, III, IVa+b, IVc, V+VI, VIIa, VIIb. Wa matano huunganisha I hadi III, huacha IVa+b peke yake, huweka wakulima na vibarua wa mashambani pamoja (IVc+VIIb), kisha V+VI, na VIIa.

Kabla ya kuandika `recode`, tazama namba zilizo nyuma ya lebo kwa `label list`. Katika mfumo wa namba wa Ganzeboom matabaka hayafuati mpangilio wa majina: IVc imewekwa mwisho, namba 11, baada ya VIIb yenye 10, na katika toleo la matabaka 10 namba 6 imerukwa. Ukikuta mpangilio huo, basi:

```
recode egp (1 2 3 = 1 "Wasio wa kazi za mikono") ///
           (4 5 = 2 "Wamiliki wadogo") ///
           (10 11 = 3 "Kilimo") ///
           (7 8 = 4 "Wenye ufundi") ///
           (9 = 5 "Wasio na ufundi"), gen(egp5)
tab egp egp5, missing
```

Kwa sababu hiyohiyo usiingize `egp` kwenye modeli kama namba ya kawaida. Andika `i.egp5`. EGP haikukusudiwa kuwa ngazi iliyonyooka, na wakulima wenye namba 11 hawako «chini» ya wenye 9.

9. Kazi hiyohiyo kwa R

Kwa R kipo kifurushi cha DIGCLASS. Lakini njia ya kuunganisha majedwali mwenyewe inafaa kujua, maana ndiyo utakayoitumia kwa TASCO, KNOCS au mfumo wowote ambao hakuna aliyeuandalia kifurushi.

```
library(haven); library(dplyr); library(stringr); library(readr)

d <- read_dta("ess.dta") |> zap_labels() |>
  mutate(kazi = if_else(isco08 >= 66666, NA, isco08),
         kazi = str_pad(as.character(kazi), 4, pad = "0"))

j <- read_csv("isco08_isei.csv", col_types = "cd")  # safu: kazi, isei
stopifnot(!any(duplicated(j$kazi)))

n0 <- nrow(d)
d <- left_join(d, j, by = "kazi")
stopifnot(nrow(d) == n0)

d |> filter(!is.na(kazi), is.na(isei)) |> count(kazi, sort = TRUE)
```

`str_pad` inarudisha sifuri ya jeshi. `col_types = "cd"` inalazimisha msimbo usomwe kama maandishi; bila hiyo `kazi` inaweza kuwa maandishi upande mmoja na namba upande wa pili, na kuunganisha kukagoma. Mistari miwili ya `stopifnot` ni ya kuzuia balaa la kimya: jedwali likiwa na msimbo uliojirudia, `left_join` inazidisha watu, na mtu mmoja anakuwa wawili au watatu kwenye sampuli.

Kwa NS-SEC mbinu ni hii hii, ila ufunguo wa kuunganisha ni safu mbili. Ofisi ya takwimu ya Uingereza, ONS, hutoa jedwali lenye makundi 412 ya SOC2020 kwa mistari, na hali saba za ajira kwa safu wima: mwajiri mkubwa, mwajiri mdogo, aliyejiajiri bila wafanyakazi, meneja wa taasisi kubwa, meneja wa taasisi ndogo, msimamizi, mfanyakazi. Ligeuze liwe refu kwa `pivot_longer`, kisha unganisha kwa msimbo na hali ya ajira kwa pamoja. Usipokuwa na hali ya ajira, jedwali lina safu ya njia iliyorahisishwa inayotumia msimbo peke yake. Itumie ukilazimika, na useme umeitumia.

Watumiaji wa programu ya SPSS wana bahati na shida yao: majedwali ya awali ya Ganzeboom yaliandikwa kwa SPSS, kama orodha ndefu za `recode`. Yanafanya kazi, lakini hubadilisha safu iliyopo ukiyaendesha bila kutazama. Nakili safu ya kazi kwanza.

10. Data za Tanzania, Kenya na majirani

EGP na ndugu zake zilitungwa kwa nchi za viwanda, ambako wengi wana mwajiri na mshahara. Ukizipeleka kwenye utafiti wa nguvukazi wa Tanzania, kama ule wa 2014 au wa 2020/21, wakulima na waliojiajiri watameza jedwali. Hilo si kosa la amri. Kazi ni kuamua mapema unawatendeaje watu wa aina hizi.

Wa kwanza ni wanaosaidia shamba la familia bila malipo, wengi wao wanawake na vijana. Ukiwahesabu kama waajiriwa, wanaangukia VIIb, kibarua wa shambani, wakati mume aliye shamba lilelile yuko IVc. Matokeo yake ni tofauti kubwa ya kitabaka kati ya mke na mume ambayo umeitengeneza wewe. Ushauri wetu ni kuwapa `kujiajiri = 1` na `watu = 0` kwa kazi za kilimo, kisha kuendesha uchambuzi kwa njia zote mbili na kuonyesha kama hitimisho linabadilika.

Wa pili ni dereva wa bodaboda (8321) anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku. Hana mkataba wa ajira, wala pikipiki si yake. Akiingia kama aliyejiajiri anakuwa IVb, mmiliki mdogo. Akiingia kama mwajiriwa anakuwa mfanyakazi wa mikono. Tangu 2018 mfumo wa kimataifa wa hali za ajira, ICSE-18, una kundi la watu wa namna hii, wanaojitegemea kwa jina lakini kipato chao kinamtegemea mwingine. Dodoso likiwa na swali la nani anamiliki chombo, litumie. Lisipokuwepo, fuata jibu la mhojiwa na usiwagawe kwa kubahatisha.

Wa tatu ni mkulima anayeita vibarua wakati wa palizi na mavuno. Hao wasihesabiwe kama wafanyakazi wake isipokuwa dodoso limeuliza wa kudumu. Vinginevyo mwenye ekari mbili aliyeita watu 11 kwa siku tatu anapanda juu ya kizingiti cha 10.

Na IVb yenyewe ni pana mno huku. Machinga (9520), mama lishe (5212), fundi cherehani na dalali wa mazao wote wamo. Igawe kwa kundi kuu la ISCO au kwa ISEI, angalau sehemu mbili, mradi mgawanyo uandikwe kabla ya kuona matokeo:

```
gen byte ivb_chini = (isei < 30) if kujiajiri == 1 & watu == 0 & ///
    kundi != 6 & !missing(isei)
```

Namba 30 hapo ni ya mfano. Iweke kulingana na data yako. Sharti la `kundi != 6` linawatoa wakulima.

Ukikuta kazi imepangwa kwa tarakimu moja tu, kama safu ya `OCCISCO` katika sensa za IPUMS International, usitengeneze EGP. Kundi la 5 lina muuzaji wa dukani na polisi pamoja. Tengeneza makundi mapana ya kazi na uyaite hivyo.

11. Yaandike kwenye ripoti

Sehemu ya mbinu itaje toleo la ISCO, jina na toleo la kifurushi (`which iscogen` itakuonyesha), maswali yaliyotumika kutengeneza `kujiajiri` na `watu`, kizingiti cha idadi, ulivyowatendea wa biashara ya familia, na watu wangapi walipotea kwa kila hatua. Kama umegeuza kazi ya mwisho ya wastaafu pamoja na kazi ya sasa ya wengine, liseme hilo pia. Kwenye faili la data la mwisho acha `isco08`, `emplrel`, `emplno`, `jbspv` na `njbspv` zilivyokuja, kando ya safu ulizotengeneza, ili anayetaka ESeC au Oesch badala ya EGP asianze upya kutoka kwenye dodoso.